Kidevu Juu ya Meza ya Cherehani

Dada yangu mpenzi,

Hujambo wewe na shemeji? Kikohozi cha mama kimetulia? Sisi wawili hatujambo kabisa, tena hilo "sisi wawili" naliandika kwa raha zangu zote. Mume wangu anakusalimu. Amesimama nyuma ya kiti nisije nikasahau.

Uliuliza vyuma vya meno vinaendeleaje. Vinanikera, dada! Juzi vilimchuna mume wangu mdomo, nikampa pole, akacheka eti hilo ni jeraha la heshima. Nikaapa kutafuta njia ya kuviharakisha vitoke. Nikasikia kuna kifaa cha kung'ata kinachotetemeka, eti meno yanasogea upesi. Sisi kifaa hatuna, ila cherehani tunayo! Basi mume wangu akishona, mimi kidevu juu ya meza yake, meno yananguruma. Wateja wakadhani ndoa imenichosha mapema. Naye, maskini, akawa anarudia mishono isiyo na haja ili nisiondoke.

Daktari alipoyasikia hayo alicheka hadi akavua miwani. Akasema hata hicho kifaa chenyewe hana uhakika nacho, sembuse meza. Nikamuuliza, je, nikivaa vile vipira vya kuvuta meno viwili viwili? Akasema nisithubutu, nitaumiza mizizi. Na kutoboa mfupa kidogo pembeni ya meno? Akasema wapo wanaofanyiwa, lakini kwangu haoni sababu. Nivae vipira kama alivyoniagiza, nisitafune mifupa na barafu nikabandua vyuma, na nisikose siku anazonipangia. Basi hayo tu! Nami nilitegemea maajabu.

Kisha akatuonyesha picha ya meno yangu yatakavyokuwa. Mazuri, yamejipanga, na mwanya wangu wa mbele umezibwa. Njia nzima mume wangu akatembea ameinamisha kichwa. Nyumbani nikambana. Akasema meno ni yangu, hawezi kuniamulia. Ila siku ile nilipompelekea sketi aipunguze, nilicheka, akauona mwanya, akasahau vipimo vyote ikabidi anipime upya. Kumbe! Na mimi nilidhani fundi hajui kazi.

Sasa usinune, dada, maana wewe ndiye uliyenipeleka kwa daktari na kunisihi niuzibe. Jana nilirudi kwake peke yangu nikamuuliza kama mwanya unaweza kuachwa. Akasema inawezekana, ila itabidi ayapange upya meno ya pembeni, na vyuma vitakaa miezi kadhaa zaidi. Mimi huyu, na haraka zangu zote, nikamwambia auache.

Mume wangu bado hajui. Nimemtuma dukani sasa hivi ndipo nikaandika haya ya mwisho. Kila asubuhi ananiomba nicheke, kisha anautazama mwanya kana kwamba anauaga. Nitamwambia, lakini si leo. Ungemwona anavyouaga, dada, hata wewe usingemkatiza.

Mshike mama mkono kwa niaba yangu, na watoto uwabusu mmoja mmoja.

Mdogo wako akupendaye,
Mke wa Fundi