Kadi Ndani ya Sanduku la Mama

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mzee Faili, ndivyo nijulikanavyo na wote
Umri: miaka 66
Kazi: mstaafu; nilikuwa karani wa masjala kwa miaka 31
Makazi: nyumba ya tatu nyuma ya soko la mbao

Ninaeleza kwa hiari yangu, na akili zangu ni timamu, ingawa mdogo wangu wa kike leo amesema vingine.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa 4 asubuhi, niliona ukungu kwenye sanduku la bati la marehemu mama yetu, lililoegemea ukuta wenye unyevu. Ndani mlikuwa na vyeti vyetu vya kuzaliwa, barua za baba, na picha pekee ya mama tuliyo nayo, amesimama kando ya cherehani yake. Picha ilikuwa imeganda kwenye plastiki ya albamu. Niliibandua kwa uzi, taratibu, karibu saa nzima. Ilitoka salama. Kusema kweli nilifurahi kuliko siku niliyopandishwa cheo.

Kila kitu nilikitia kwenye bahasha yake, nikaiandika namba kwa penseli, FM yaani Faili la Mama, nikazipanga bahasha zote kwenye kabati la chumbani kwangu, rafu ya pili. Masjalani, faili likitoka mahali pake lazima uache kadi. Basi nikaacha kadi sandukuni: "FM/1 hadi FM/14. Yametolewa. Yapo K/2." Niliona nimemaliza kazi.

Tarehe 12, saa 3 asubuhi, nilimwacha fundi rangi akipaka ukuta ule, nikaenda kupima presha. Mdogo wangu akaja kuchukua picha ya mama akaitolee nakala. Alikuta sanduku tupu na kadi ile. Anasema alidhani ni maandishi ya siri ya wezi. Akapiga yowe, majirani wakajaa, fundi akaletwa hapa kituoni na brashi mkononi.

Niliporudi majirani walinieleza, na saa 7 mchana nilifika hapa kituoni na bahasha. Mdogo wangu alipoiona picha alikaa sakafuni akalia, kisha akanigeukia.

"Kaka, wewe na mafaili yako mtatuua! Ulishindwa nini kuniambia kwa mdomo?"

Lawama ni yangu.

Fundi hakupiga kelele. Aliniambia, "Mzee, picha yenu nimeiona kwa mara ya kwanza leo, hapa hapa. Ila nani atanipa tena funguo za nyumba yake?"

Neno hilo limenichoma. Huyu huingia nyumba za watu wenyewe wakiwa hawapo. Jina lake ndilo mtaji wake.

Afande, nimeomba jina hilo lifutwe kitabuni. Umesema kitabu cha kituo hakifutwi, na mimi ningekuwa wewe nisingefuta. Basi iandikwe mbele ya jina lake: hakuiba, kosa ni la mwenye nyumba.

Hayo ndiyo niliyoyafanya na kuyaona. Nimesomewa, nimesahihisha tarehe moja, nimeridhika.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika mimi, saa 8:20 mchana. Fundi ameachiwa. Maneno aliyoomba shahidi yameingizwa kitabuni. Mdogo wake, bila kuulizwa, ameomba niongeze chini yake, akatia sahihi: "Mimi ndiye niliyemsingizia. Kesho anapaka kwangu. Funguo nimeshampa."