Mjane Kiziwi wa Holi ya Kanisa

Kwako Mama Jeff,

Habari ya Kisegi? Jeff alipona ile homa? Sisi huku Migori tuko salama, nyanya zinauzwa. Naandika sababu simu siwezi kukupigia. Hapo kwenu wanadhani husikii, ukionekana na simu kwa sikio tumekwisha. Faduma wa maleso anakuja soko ya huko, atakupa hii mkononi.

Kanisa yetu inatafuta pesa ya mabati, basi Ticha Zadock akaleta mchezo ya kuchekesha. Alisema ni ya Waingereza wa zamani sana, na hata wao waliitoa kwa Wafaransa, wakaweka watu wao. Akasema na sisi tuweke wetu. Basi bibi wa Ulaya aliye kwa huo mchezo akawa mjane wa Karungu, anajifanya kiziwi ili asikie shemeji zake wanapanga nini na mali. Huyo mjane nikapewa mimi. Mdomo si ninao?

Lakini uziwi ilinishinda. Kwa mazoezi mtu akiniita nyuma, nageuka. Ticha akasema huyo mjane atampa Mirumbe, mwenzangu wa kanisa. Hapo wivu ikanishika, Mama Jeff. Nikafanya vile wewe hufanya. Nikaendelea kuchagua mchele, nikatabasamu upande ingine, na mtu akinisumbua namwambia ile yako, "Mbuzi amekunywa maji, baba."

Siku yenyewe holi ilijaa. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje kupumua. Na mimi nikaongeza, hiyo ya mbuzi nikaisema hata pahali haikuwa. Halafu nikaona mtu mmoja wa mbele hacheki. Shemeji yako Zablon.

Alinifuata nyuma ya pazia. Akauliza pole pole, "Huyo mama mlimtoa wapi?"

Nilitaka kusema Ufaransa. Nikacheka. Mama Jeff, ni hiyo kicheko ilikutaja. Akaondoka bila kwaheri.

Uliniambia mimi peke yangu vile unawasikia ndugu za marehemu wakipanga kuuza shamba yako, ndiyo maana kila wakileta mnunuzi wanakuta umeshafika kwa chifu. Nami nikakuuza kwa makofi. Sokoni sasa wananiita Kiziwi. Mimi na vile napenda kuitwa, naangalia chini tu.

Nimesikia Zablon na ndugu zake wanakuja kwako Jumamosi. Usitoroke. Wape chai, wakae vizuri, kisha uwaambie yote walisema mbele yako. Si kila mmoja alikuwa anakuja peke yake kumsengenya mwenzake hapo, akidhani anaongea na ukuta? Anza na hiyo. Shamba wataisahau, watashikana wao kwa wao.

Nitafika Ijumaa. Nitakaa hapo mlangoni niwe shahidi yako, na sitafungua mdomo mpaka uniambie. Ukinifukuza, nitakaa nje kwa barabara, lakini nitakuwa hapo.

Msalimie Jeff sana. Faduma umpe maji, njia ni ndefu.

Ni mimi rafiki yako, kama bado unanitaka,

Mellen