Ukifika kwa Baba Mkubwa, Inua Mkono

Jumamosi, Kaengesa. Upepo umevuma tangu alfajiri, ule upepo mkavu wa Julai unaopenya chini ya mlango na kukaa miguuni. Nimevaa sweta mbili na bado sijapata joto.

Si upepo tu. Nimepata mshtuko saa nne asubuhi, na sasa ni saa tisa alasiri haujanitoka.

Naandika upesi, kabla sijaanza kujitafutia visingizio.

Nilifika juzi, baada ya miaka zaidi ya hamsini ya kunyoa ndevu za watu wengine katika miji ya watu wengine, Tabora kwanza, kisha Tanga. Niliposhuka basi Sumbawanga sikuja moja kwa moja kwa mdogo wangu Desideri. Nilikwenda sokoni kutafuta ngozi. Sikuweza kuingia nyumba hii mikono mitupu, na zawadi niliyodaiwa na moyo wangu ilikuwa moja tu: mkanda wa wembe.

Kwa msomaji aliyezaliwa wakati wa mashine za umeme, nieleze. Wembe wa kukunja, ule wa zamani wenye mpini, haupelekwi kwenye jiwe kila siku. Jiwe ni la mara chache kwa mwaka. Kila asubuhi unapitishwa kwenye mkanda wa ngozi ulioning'inizwa kwa ndoano, ukiuvuta ukaze. Mgongo wa wembe hutangulia na makali hufuata nyuma. Ukifika mwisho unaugeuza juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali. Ukikosea hapo, unaukata mkanda.

Fundi viatu niliyemkuta sokoni alinitolea kipande kinachong'aa.

"Shikamoo mzee. Chukua hiki, hiki ndicho cha mjini."

"Marahaba. Hiyo ni rangi, kijana. Wembe utakula rangi, hautapata ngozi."

Akaleta kingine, cha ng'ombe wa Mtowisa. Nilikikunja, uso wa ngozi ukiwa nje, nione kama utatoa mistari myeupe ya ukavu. Nikapapasa kutafuta makovu ya kupe na miiba. Kilikuwa cha tumboni, kinavutika. Nilitaka cha mgongoni, kilichonyooka, kipana kama vidole vinne, kisicho na tundu wala mshono. Tulipekua rundo zima.

"Mzee," akasema, "mimi nilioa mke kwa muda mfupi kuliko huu."

Nilicheka. Lakini sikumwambia kwa nini nilikuwa nachagua hivyo.

Nakwambia wewe, shajara. Nilipokuwa na miaka kumi na saba, Baba akiwa kinyozi wa kijiji hiki, alisafiri siku moja akaniachia kazi. Jumamosi watu walikuja wengi, kwa kuwa kwetu hakuna mwanamume aliyekwenda misa ya Jumapili na ndevu za wiki. Nikataka kuwaonyesha kasi. Nikaugeuza wembe juu ya makali. Ncha yake ikazama kwenye mkanda wa Baba, ukingoni, karibu na mahali pa kushikia.

Baba aliporudi aliuliza ni nani.

Nilisema ni Desi.

Desi alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alinitazama mimi, hakumtazama Baba. Baba akamwambia hatagusa tena wembe nyumbani kwake. Kazi ikawa yangu peke yangu, na kwa kazi hiyo nimekula maisha yangu yote. Yeye akashika jembe.

Telegramu ya kifo cha Baba ilinifikia mapema. Sikuja kuzika, na kila mtu nilimwambia ilichelewa.

Basi juzi niliingia na mkanda mpya nimeufunga kwenye gazeti. Desi haoni vizuri siku hizi, macho yameingia ukungu, na mikono inamtetemeka kuliko yangu. Aliupapasa, akaunusa, akaukunja kama nilivyoukunja mimi sokoni. Nilishangaa kidogo. Mkulima wa ulezi amejulia wapi kukunja ngozi hivyo?

"Ya mgongoni," akasema. "Umechagua vizuri, kaka. Lakini bado mbichi huu. Unataka kiganja."

Ni kweli. Mkanda mpya husuguliwa kwa kiganja kitupu kila siku, mpaka joto la mkono liuingie. Mafuta ya ng'ombe unapaka kidogo sana, mara moja moja. Ukizidisha, wembe unateleza tu bila kushika. Maji usiulowanishe. Usiukunje kuuweka sandukuni, utaota mstari. Uning'inize, mbali na jua na moshi wa jiko. Haya yote Desi aliyataja moja moja, na mimi, kinyozi wa miaka hamsini, nilikaa nasikiliza kama mwanafunzi.

Nilipaswa kuuliza. Sikuuliza.

Leo asubuhi binti yake Skolastika, mwenye saluni mjini, alikuja kumnyoa baba yake kama afanyavyo kila Jumamosi. Aliniamkia, akacheka sweta zangu, kisha akaingia chumbani akatoka na mkanda mweusi wa zamani. Akautundika kwenye msumari wa mlango.

Niliujua kabla haujatulia: mkanda wa Baba.

Nilidhani ulitupwa. Ulikuwa laini, unang'aa wenyewe bila rangi, kama kitu kilichoshikwa na watu wanaokipenda. Skola akaanza. Chini, geuza, juu, geuza. Desi alikuwa kwenye kigoda, amefumba macho, anasikiliza mlio wa wembe.

"Ukifika kwa Baba Mkubwa, inua mkono," akasema.

"Najua, baba. Nimeinua."

Waliyasema hayo bila kufikiri, kama watu wanavyosema "angalia ngazi". Kisha Skola akakumbuka nani amekaa nyuma yake. Wembe ukasimama hewani.

Baba Mkubwa ni mimi. Hakuna mwingine katika nyumba hii.

Niliinuka nikasogea. Kovu lilikuwa palepale, ukingo wa kushoto. Mtu alikuwa amelisugua kwa jiwe laini, kidogo kidogo kwa miaka, mpaka kingo zake zikalala na wembe usikwame.

"Baba Mkubwa, nisamehe," Skola akasema. "Mimi nimefundishwa kuliita kovu hivyo tangu nianze. Nilidhani unajua."

"Anajua," Desi akasema. "Nani ajue kama si yeye?"

Ndipo aliponieleza, taratibu, povu la sabuni likiwa tayari shavuni. Miaka miwili baada ya mimi kuondoka, Baba aliugua homa na wateja walikuwa wamejaa uani. Akamruhusu Desi ashike wembe kwa siku hiyo tu. Desi akaushika kwa mkono wa kushoto. Sote tulikuwa tumesahau kwamba ni mtu wa mkono wa kushoto. Mezani na shuleni walikuwa wamemkataza, akajilazimisha kulia. Lakini wembe ni kitu cha hatari, na mkono ukajichagua wenyewe.

Baba alimtazama akiwa kitandani. Mwenye kushika kwa kushoto, ncha ya wembe wake inaelekea kulia. Kovu liko kushoto, upande wa anayeshika kwa kulia kama mimi.

"Akaomba aletewe mkanda," Desi akasema. "Akalipapasa kovu kwa kidole gumba. Jumamosi iliyofuata akaniita, akanipa wembe."

"Kwa nini hamkuniandikia?"

"Tuandike nini? Baba alitaka useme wewe."

Desi amenyoa kijiji hiki miaka arobaini. Akamfundisha binti yake. Na wote wawili, mbele ya wateja, wamejifunza kupita kwenye uongo wangu kwa kuinua mkono kidogo.

Mimi nilidhani naficha.

Skola alitaka kuendelea. Desi akamzuia, akanyoosha kidole upande wangu. "Leo aninyoe yeye. Tuone huko Tanga alijifunza nini."

Nikachukua wembe. Nikaupitisha kwenye mkanda wa Baba. Nilipofika pale nikainua mkono, na nikiwa nimeuinua nikasema, kwa sauti ambayo sikuitambua, "Ni mimi, Desi. Nilikusingizia."

Desi aligusa shavu lake kwa kidole. Povu lilianza kumkaukia.

"Haya," akasema. "Sasa angalia hapo chini ya sikio, pana kipele."

Nikamnyoa. Sikumkata.

Tiketi yangu ya kurudi ni ya Jumatano. Mkanda mpya umetundikwa pembeni ya ule wa zamani, na nimeusugua leo kwa kiganja mara mia, ngozi bado baridi. Desi anasema utakuwa tayari mvua zikianza.

Nani atausugua Alhamisi?

Misa ya kesho ni saa moja. Ndugu yangu ana kidevu safi, na mimi nitakaa benchi moja naye. Baada ya misa nitapanda gari la mjini, nikairudishe ile tiketi.