Kitako Ulichokichonga, Tata

Tata, baba yangu,

Shikamoo huko uliko. Nyani wanatumaliza.

Tangu tukuzike pale karibu na zizi, wamejua mwenye shamba hayupo. Wanaingia asubuhi kweupe, wanavunja mahindi, wanakaa juu ya kaburi lako wanakula. Juu ya kaburi lako, Tata! Nikipiga kelele wananiangalia tu, kana kwamba mwizi ni mimi. Mama anapika uji mwepesi halafu anasema hana njaa. Nimeshafikiria niache kila kitu niende Genkuru kuponda mawe ya dhahabu, lakini yeye nitamwacha na nani?

Ile bunduki yako ndogo polisi wamenirudishia, kibali sasa kina jina langu. Shida ni urefu. Wewe ulikuwa mrefu, na kile kitako cha mti ulikichonga mwenyewe kwa kipimo chako. Nikikiegemeza begani, shavu langu linaishia nyuma mno, shabaha siioni vizuri. Nakumbuka ulivyokuwa unanifokea: "Laza shavu kwanza, Rhobi! Jicho litafuata." Shavu halilali, Tata. Nafyatua, risasi inaenda zake.

Nikasema nikikate kidogo. Mama akakikumbatia kama mtoto. Pale ulipokuwa unalaza shavu pameng'aa kwa jasho lako, na yeye hupashika kila asubuhi kabla hajaongea na mtu. "Msumeno haugusi hapa," akasema. Ningefanyaje?

Baba mdogo akanicheka. "Acha ushamba wewe. Siku hizi watu wanafunga vitako vya plastiki." Tukauza beberu, akaniletea kimoja kutoka Sirari, cheusi, unakivuta kinarefuka, unakisukuma kinafupika. Sitakisingizia: ni chepesi, mvua haikivimbishi, na begani kilinikaa. Kwa bunduki kiliyotengenezewa kitafaa sana. Yetu inafanana nayo tu. Nakaza skrubu, inacheza. Nakaza tena, inacheza. Risasi moja kushoto, ya pili juu. Beberu ameenda, na mahindi yanaenda. Nilikaa chini katikati ya shamba nikalia kwa sauti, wapita njia wakadhani tumefiwa upya.

Mama alinisikia. Akaja na kitako chako kwapani, msumeno wako mkononi. Akakilaza juu ya kinu kilichogeuzwa, akakishikilia kwa mikono miwili huku machozi yanamtoka. Nikakata upande wa nyuma tu, ule wa begani. Jamani, ile sauti ya msumeno! Kipande kilichodondoka amekiweka chini ya mto wake.

Nikakifunga kitako kwenye bunduki, nikainua. Tata... shavu langu limelala pale pale. Palipong'aa. Pako.

Sijui kama itatosha. Mahindi yamebaki mistari michache upande wa mtoni, na nyani hawajapungua hata mmoja. Kesho kukipambazuka naingia shambani, na naogopa, sikufichi. Mama ameshaniambia atasimama mlangoni.

Lakini juu yako hawatakaa tena, nakuahidi. Nikikosa risasi ya kwanza, nitalaza shavu upya, nisubiri jicho. Pumzika sasa, Tata. Shamba lina mtu.

Mwanao,
Rhobi