Mjomba wa Marehemu Ameshapata Habari

Baba Hilda wangu,

Mjukuu wako, mtoto wa pili wa Hilda, ameajiriwa na kituo cha televisheni cha huku kwetu kusini. Jumamosi alikuja Newala na kamera, akanikalisha uani, akasema wanaandaa kipindi cha historia ya utangazaji wa biashara katika mikoa yetu, na kwamba historia hiyo inaanza na wao. Nikacheka mpaka akazima kamera. Nikamwambia, "Babu yako alitangaza sabuni hapa hapa kabla Mwingereza hajafunga mizigo." Hakujua. Basi nimeona niyaandike, na kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwepo, nakuandikia wewe. Nikikosea utanyamaza, kama ulivyozoea.

Unamkumbuka tajiri wako, yule Mhindi mwenye duka karibu na soko, alivyoipandisha mlimani ile mitambo kwa lori: redio kubwa kama sanduku la nguo, gramafoni, betri za gari, na kipaza sauti cha bati alichokifunga juu ya paa. Wewe ulikuwa karani wake wa mizani wakati wa korosho. Alikuchagua kwa sababu ulisoma kwa wamisionari Masasi na Kiswahili chako kilikuwa kimenyooka. Sisi Wamakonde alisema tukitangaza bei ya chumvi watu watadhani tunagombana. Bwana DC alitoa ruhusa kwa sharti moja tu, kwamba siasa isisikike humo.

Asubuhi mlipiga santuri, kisha matangazo, na alasiri mkafungulia redio ya Dar es Salaam watu wakajaa barazani. Sabuni, khanga, baiskeli, mafuta ya nywele, vyote vilipita kinywani mwako. Wenye maduka mengine walianza kwa kununa, mwisho wakaja wenyewe kulipa ili watajwe. Lakini tangazo lililopendwa kuliko yote halikulipiwa na mtu. Ukisema, "Maji yamefika kwenye tangi," soko lilibaki na wanaume peke yao. Siku za upepo mzuri walikusikia hata wanawake waliokuwa wakipanda kutoka bondeni na maji kichwani, wakalaani kwamba ungesema mapema.

Mji mzima ulikujua, na nyumbani uliitwa mgeni. Ulikuwa Mmakua wa Masasi uliyeoa kwetu, na kwetu mwanamume huja kuishi upande wa mkewe. Mwenye neno la mwisho ni mjomba, kaka yake mama. Mjomba wangu ndiye aliyeiruhusu ndoa yetu, na ndiye angeweza kuivunja. Ulinijengea nyumba, ukalima shamba la mama, na bado watu walisema "mgeni wa Mama Hilda". Siku moja tunamenya mizizi ya ming'oko uliniambia, "Kwenu hapa hata kukohoa naomba ruhusa." Nilicheka. Wewe hukucheka.

Mama alifariki alfajiri, katikati ya msimu wa korosho. Kaka yangu alichukua njia ya mkato ya kushuka mlima kwenda kumwambia mjomba, ambaye siku zile aliishi Masasi. Desturi yetu unaijua sasa: mjomba hajaambiwa, msiba haujawa msiba. Hakuna kulia kwa sauti wala kutoa habari nje ya ua. Tulikaa ndani tumeuma khanga. Wewe ulikwenda dukani kuomba ruhusa kwa tajiri, nami sikufikiria kukuonya, maana nilidhani kila mtu duniani anajua.

Kumbe ninyi wa misheni mlilelewa na kengele. Kwenu mtu akifa kengele ya kanisa hulia kwanza, watu wakaulizana baadaye ni nani. Ukaona mama mkwe wako anastahili kengele, na kengele uliyokuwa nayo ni ile ya bati. Ukatangaza kwa sauti yako nzuri kuliko zote, jina lake, ukoo wake na wema wake kwako. Kisha likaingia tangazo la baiskeli.

Nani angejua kwamba mjomba alikuwa amepanda na lori asubuhi ile, na magunia yake, akipitia barabara wakati kaka anashuka kwa mguu? Alikuwa amesimama kwenye mizani, chini ya kipaza sauti.

Aliingia uani bado ana vumbi la magunia. Nikapiga magoti, "Shikamoo mjomba." Hakuitikia. Alisema, "Msiba wa dada yangu nimeusikia dukani, baina ya sabuni na baiskeli. Aliyeniambia ni bati." Akakutazama wewe uliyekuwa mlangoni. "Tukishazika, mgeni huyu arudi kwao. Ndoa imekwisha."

Nilikuwa nimembeba Hilda mgongoni. Baba Hilda, niliogopa sana, na aibu yangu ni kwamba siku ile nilikulilia wewe kuliko nilivyomlilia mama. Ulianza kukunja mkeka wako bila kubishana. Nilitamani ubishane.

Watani ndio waliotuokoa. Walifika mchana kama kawaida ya msiba, na yule bibi mtani wa ukoo wetu mwenye pengo akapanda juu ya kinu, faneli ya mafuta ya taa mdomoni. "Tangazo! Tangazo! Mjomba amefiwa, naye yuko sokoni anabishana na mizani! Atakayemwona amwambie dada yake hauzi korosho tena!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mtani hakasirikiwi, na mjomba alijua. Akacheka, na kicheko chake kikageuka kilio. Ndipo tulipoachia sauti sote.

Bibi hakushuka. Akaielekeza faneli kwa mjomba. "Na huyu mkwe wenu, mke mmempa, jembe mmempa, desturi mmemnyima! Nani alimkalisha akamfundisha?" Hakuna aliyekufundisha, hata mimi.

Baada ya maziko mjomba alituita wawili. Akakuuliza, "Kwenu huambiwa nani kwanza?"

"Kwetu hulia kengele, mjomba. Wote wanaambiwa kwanza."

Alizungusha kiko mkononi. "Basi hapa kengele yako itaanza na sisi wajomba," alisema. "Ukikubali, tandika mkeka wako."

Uliutandika. Tangu hapo hakuna kifo kilichotangazwa pale dukani bila wewe kutanguliza, "Mjomba wa marehemu ameshapata habari." Waliokuja mbio kuleta habari ya msiba uliwauliza hilo kwanza, na wasiojibu vizuri uliwarudisha. Tajiri alinung'unika kwamba unafukuza wateja, lakini wateja walizidi, wakaja mpaka wa vijiji vya mbali, maana waliona bati lile lina adabu.

Halafu ikaja Uhuru, na redio ndogo za mkononi zikaingia kila nyumba. Tajiri akahamia Dar es Salaam na mitambo yake. Mjukuu ameniuliza kama ipo kanda yenye sauti yako. Haipo, tulikuwa tunatangaza tu, nani alijua kuhifadhi? Naikosa sauti hiyo. Ile ya dukani waichukue wao wa historia, mimi naikosa ile ya kuuliza chumvi iko wapi, na iko mbele yako.

Kuna moja sikumwambia mjukuu mbele ya kamera. Ulipofariki nilizuia watu wasilie mpaka ndugu zako wa Masasi walipoambiwa. Wakaja wapwa zako na gari, wakitaka kukuchukua, na haki walikuwa nayo, kwa sababu mkwe huzikwa kwao. Mjomba alikuwa mzee wa kushikwa mkono, macho yameshakwenda. Akaomba aongozwe mpaka ulipolazwa, akakupapasa uso, kisha akawageukia.

"Mgeni hatuziki hapa," alisema. "Huyu tunamzika."

Wapwa zako waliinamisha vichwa, wakashika majembe pamoja na kaka zangu. Neno hilo ulilingoja miaka yote uliyoishi kwetu, na siku lilipotamkwa watu wote uani walilisikia isipokuwa wewe. Ndiyo maana nakuandikia.

Pumzika kwenu, Baba Hilda.

Mkeo,
Mama Hilda