Jeep ya Talon na Kisasi Yangu kwa Jospin

Mercredi, katikati ya juma, saa ine ya asubuhi. Mvua imekatika, lakini mawingu ingali inatuchungulia sawa bapolisi ba ku rond-point, pale gari zinazunguka, inangojea muntu akosee.

Mu Lubumbashi muzima hakuna muntu anajua kuinua jeep, kuipatia urefu, kunishinda miye. Siku Mungu atataka kuinua milima ya Kundelungu tena kidogo, atatuma malaika hapa Hewa Bora kuuliza kama Saidi iko na nafasi. (Mama, kama unasoma hii, ni muchezo. Nitaomba toba.)

Masomo niliacha mu deuxième secondaire. Bale balioendelea, leo banakuya ku garaji yangu na diplome mu mufuko na gari yenye tumbo inakwaruza chini: "Saidi, tusaidie." Nabasaidia. Kwanza nabaacha bangojee.

Lakini leo siandiki juu ya kazi. Leo naandika juu ya Jospin, na namna nitamulipisha.

Jospin njo shofere wa kamionete ya muzigo ya baba yake, bantu ba Butembo, ba transport. Tulikulia mu avenue moja. Iko na meno meupe na anayaonyesha mingi.

Mwezi uliopita niliinua jeep ya mama mukubwa Zaina, dada ya mama yangu. Kila juma tunaenda Lukafu kuchukua mahindi yake ya kuuza, yeye ku kiti ya mbele na tasbihi, miye ku volan, usukani mu mikono. Ile volan njo inanifanya muntu. Bila volan ya mama mukubwa, niko kijana mwenye mafuta ku mikono, basi. Na njia ya kule, mvua ikinyesha, inakula gari. Donc, basi, nilitia ressort ya kamio, springi nene, amortisera ndefu za kuzuia kuruka, na pine kubwa, magurudumu sawa ya trakta. Jeep ikapanda viganja mbili. Batoto ba avenue bakapiga makofi.

Jospin akapita. Akazima motere, akaitazama jeep sawa muntu anatazama bibi-harusi wa mwengine.

"Eh, Ingénieur! Umemuvalisha talon, viatu vya kisigino kirefu! Mu poto-poto, mu matope, atacheza muzuri. Lakini ku lami usimuambie akimbie, atavunjika kisigino!"

Bantu bote bakacheka. Hata mama mukubwa akacheka, nyuma ya kitambaa. Kile kicheko yake njo kilinichoma.

Nilimujibu kwamba kamionete yake iko fupi sawa akili yake. Nilisema na mingine, lakini dada yangu anasoma blogu hii.

Sasa kidogo ya kazi, juu kama weye hujui, nitakufundisha miye. Jeep ikiinuliwa, uzito inapanda nayo, na ku viraje, pale njia inapinda, inataka kulala. Kule chini kuna chuma, barre stabilisatrice, inashikamanisha pine ya kushoto na ya kuume ili mwili ya gari isilale. Mu njia mubaya ile chuma inasumbua, inakataza pine kushuka mu shimo. Donc mu poto-poto unaitoa, unaiweka nyuma. Ukifika ku lami unasimama, unaingia chini ya gari, unairudisha. Bulon ine za kukaza. Dakika makumi mbili. Siye ba njia ya Lukafu tunafanya vile bote, pale lami inaanzia, ku bamama ba mahindi ya kuchoma. Unakula moja, unafunga bulon, unaenda.

Siku ya posho (Jumamosi, kwa bale banasoma toka mbali) tulifika pale. Mvua, matope mpaka magoti. Nilishuka na funguo ya bulon mu mukono. Na nani anapita? Jospin, mukavu, safi, wimbo mu redio. Akapiga honi tatu. Akatoa mukono ku dirisha na akatembeza vidole mbili hewani, sawa mwanamuke mwenye talon anaogopa matope.

Nilirudisha funguo chini ya kiti.

Voilà, nimesema. Sikuifunga ile chuma. Angepita dakika tano baadaye, angenikuta nimelala chini ya gari na singemuona. Njo maana nasema kosa ni yake.

Nilimufuata. Na nilimupita! Nilimupita na honi ine, moja zaidi ya zake, na nikamutembezea vidole miye pia. Kwa pumzi tano nilikuwa mufalme.

Kisha viraje ikakuya. Nilikata volan. Chini jeep ilitii, juu ikakataa. Ililala polepole, kwa adabu, sawa ng'ombe amechoka. Pine mbili zikaacha lami. Mifuko ya mahindi ikahamia yote upande moja, na nikaona majani mu dirisha ya mama mukubwa.

Miye: mukwaruzo ku sikio. Yeye: mukono ya kushoto, imevunjika fasi mbili.

Na nani alitutoa? Hapa njo sitamusamehe hata siku moja. Jospin. Alivunja kioo, akasogeza mifuko moja moja ili kutoa mguu ya mama mukubwa, akamubeba ku mugongo mpaka ku kamionete. Akavua koti, akamufunika. Njia yote mpaka hospitali alikuwa anamuita "mama, mama, tunafika". Miye nilikaa nyuma, mu mvua.

Tangu siku hiyo napanga kisasi. Nitaingiza muhogo mu tiyo, ile bomba ya moshi ya kamionete yake. Nitamupigia muchumba wake wa Kipushi nimueleze kwamba mpaka miaka kumi na mbili Jospin alikuwa anakimbia bata. Bata! Na juzi nilipita karibu na kamionete yake, hapakuwa muntu. Nilitazama bulon za pine. Mukono yangu ilijua kazi yenyewe.

Niliingiza ile mukono mu mufuko, nikarudi nyumbani mbio. Nilijiogopa.

Jana bajomba balikutana kwa mama mukubwa. Yeye ku kiti, mukono mu plâtre ngumu ya hospitali mpaka karibu na bega. Neno ilikuwa moja: nani atashika volan jeep ikipona. Mujomba Ramazani, mukubwa wa bote, alitaka Jospin, na alikuwa amemuita. Jospin alisimama ku mulango, kofia mu mukono, bila kuonyesha meno.

"Huyu kijana hakufunga gari muzuri," mujomba alisema, kidole kwangu. "Namujua. Iko na kinywa kuliko kazi."

Mama mukubwa akapiga kiti na ule mukono muzima. "Ramazani, acha! Nilimuuliza mwenyewe, pale lami inaanzia. Saidi hawezi kunidanganya. Mvua njo ilituangusha."

Bote bakanitazama. Miye nilitazama Jospin. Yeye njo alisogeza mifuko. Aliona ile chuma imelala kati ya mahindi, na bulon zake mu kopo. Neno moja tu, na volan ingekuwa yake.

Akageuza kofia yake. "Mvua ilikuwa mubaya, baba," alisema. Akatoka.

Donc volan imebaki kwangu.

Anafikiri amenipatia zawadi? Ile ya talon ningeweza kuisahau. Lakini kunyamaza kwake mbele ya bajomba bangu, hiyo atanilipa mpaka mufupa. Kila nikimupita mu avenue atakuwa anajua, na miye nitajua kwamba anajua. Muhogo haitoshi.

Leo asubuhi mama mukubwa aliniomba nimufunge kitambaa ku kichwa, juu mukono moja haiwezi. Nilifunga mubaya mara mbili. Alicheka, akaniambia nina mikono ya jeep.

Ningemuambia pale. Sikumuambia. Nimekuya kuandika, nimeandika talon, honi, viraje, Jospin, Jospin, Jospin.

Ile siku ya posho, nilipopanda tena mu jeep, matope ku viatu, alisimamisha tasbihi na akaniangalia muzuri. Aliuliza, "Saidi, umefunga ile chuma?"

Nilimuambia, "Nimefunga, mama mukubwa."

Akasema alhamdulillahi, akaegemea kiti, akafunga macho.