Madirisha ya Terne

Jumapili, 7 Aprili

Leo tena uwanja wa mashua. Mume wangu Asger amefungua papi zote za dirisha la kushoto la Terne, mashua yetu, zile mbao nyembamba zinazozunguka kioo kwa ndani, akaja nazo nyumbani na kuzipanga juu ya meza yangu ya jikoni. Mbili zimeoza kwenye pembe, nyeusi kama chai iliyolala. Sawa, zimeoza. Lakini siku ya kreni, ya kushusha mashua majini, ni mwisho wa mwezi huu! Nikamwambia akate mbili mpya, gundi, skrubu, twende zetu. "Mama, haraka haraka haina baraka," akasema. Nikamjibu ngoja ngoja huumiza matumbo.

Tangu Septemba hajagusa kitu kingine kwenye mashua ile. Tanga bado limekunjwa, chini hakujapakwa rangi, injini sijui hata kama inawaka. Yeye na dirisha, dirisha na yeye. Mimi kukaa siwezi. Nimepangua kabati la glasi, nikalipanga upya, kisha nikalipangua tena.

Jumanne, 9 Aprili

Nimepaka rangi ya chini peke yangu, nimelala chali juu ya maboksi. Nyekundu hadi kwenye nyusi. Preben, anayesimamia siku ya kreni klabuni na ambaye mashua yake iko jirani na yetu, alipita na baiskeli akauliza kama mzee wangu amekufa au ameajiriwa useremala ikulu. Nilicheka. Asger alikuwa mle mle ndani ya mashua, anasikia kila neno, anapiga msasa. Zamani angemrudishia maneno mpaka Preben ajute kuzaliwa.

Jumamosi, 13 Aprili

Papi mpya zimekatwa. Ukweli usemwe, ni nzuri. Mahogani tupu, pembe zimekutana hata wembe haupiti. Ile ya chini ameichonga mfereji mdogo, ili jasho la kioo likusanyike humo badala ya kushuka kwenye mto wangu usiku. Nimemsifu, akaona haya kidogo, vizuri tu.

Kisha nikamwonyesha pazia nililoshona. La bluu, mistari myeupe, na kifimbo chake cha shaba. Akasema hapana. Hapana nini? Hatoboi matundu ya pazia kwenye mbao mpya. Lakini pazia limekuwepo miaka yote! Jua la jioni linanipiga machoni nikiwa jikoni.

"Vaa kofia," akasema.

Kofia, ndani ya mashua. Tumenuniana mpaka chakula cha jioni, na baada ya chakula pia.

Jumatatu, 15 Aprili

Vanishi, safu ya kwanza. Hapa kwetu kila mtu ana dini yake ya vanishi. Preben ni safu saba. Marehemu baba yake Asger alikuwa tisa, na kila safu ikauke, ipigwe msasa, ifutwe vumbi, ndipo upake nyingine. Mimi nasema kwa papi za ndani, zisizopigwa na mvua wala jua, nne ni nyingi. Nikamwuliza yeye anakusudia ngapi.

"Tutaona."

Naijua hiyo tutaona yake.

Alhamisi, 18 Aprili

Jua wiki nzima, na upepo mkavu wa mashariki. Watu wote uwanjani, mikono wazi, redio, kahawa. Mashua saba zimeshavuliwa maturubai.

Mchana Gudrun, mke wa Preben, alikuja na chungu cha maua mekundu akakiweka juu ya sitaha yetu. Nyuma yake Preben na namba ya nyumba, kumi na nne, akaigonga kwenye gogo linaloegemeza Terne. Ndiyo desturi ya klabu: mashua inayoelekea kubaki nchi kavu majira haya huwekewa maua na namba, kwa kuwa mwenyewe ameshaamua kujenga. Mwaka juzi walimfanyia daktari wa mifugo, akakirusha chungu kwenye maji akatukana, na wiki iliyofuata alikuwa anaelea.

Watu wakacheka, wakapiga picha. Mimi nikacheka kwa meno tu. Asger akatoka ndani, akakitazama kile chungu, akatia kidole kwenye udongo. Kisha akaenda kuchota maji akakimwagilia.

Akakimwagilia! Moyo umenishuka na mpaka sasa haujapanda. Mtu anayetaka kwenda baharini hamwagilii maua ya kwenye sitaha.

Jumapili, 21 Aprili

Nimeuliza. Tulikuwa tunakula mkate mweusi na samaki wa heringi, tumekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Nikasema mzee, nijibu kwa kinywa chako, unataka kuiuza Terne?

Akameza kwanza. Akasema hataki kuiuza. Anataka tu isiende popote.

Kuanguka kwake baharini Septemba mimi nakujua kwa upande wangu. Nilikuwa ndani natengeneza kahawa, nikapanda na vikombe viwili, nikakuta usukani hauna mtu. Niligeuza, nikamtafuta, nikampata, nikamvuta kwa kamba. Ndivyo tunavyowasimulia watu, nao hucheka, maana kikombe kimoja hakikumwagika.

Leo kanipa upande wake. Alipoibuka, mashua ilikuwa bado karibu mno. Dirisha la kushoto lilimpita usoni, angeweza kuligusa. Alipiga kelele. Pazia lilikuwa limefungwa. Akaona kivuli changu nyuma ya pazia, naimba pamoja na redio, kisha nikaenda zangu na mashua yangu.

"Nikasema, basi nakufa, na mke wangu anaimba."

Akapaka siagi kwenye mkate mwingine. Miezi yote hii hakuniambia! Nimelichukua lile pazia la bluu nikalitupa kwenye matambara ya kufutia mafuta, kisha nikaingia choo cha klabu nikalia huko, kwa sababu nyumbani angenisikia.

Jumatano, 24 Aprili

Anasema haitawezekana. Vanishi bado inanata, inahitaji safu nyingine. Mwakani, anasema, mwakani tutakuwa tayari kabisa.

Nikaigusa. Hainati.

Nawajua watu wa mwakani. Uwanja mzima wa nyuma umejaa mashua zao, zimeota nyasi mpaka kwenye madirisha. Asger asipoingia majini sasa, haingii tena, na mimi nitabaki na mwanamume wa kukaa naye sebuleni tukiangalia hali ya hewa kwenye televisheni. Sitaki. Nimempigia Preben nikamwambia nafasi yetu ya kreni Jumamosi ibaki pale pale.

Ijumaa, 26 Aprili

Asger alikwenda kwa daktari wa meno mjini Svendborg. Nilipoona basi limeondoka nikachukua bisibisi. Nimefunga papi zote mwenyewe. Bisibisi iliteleza, ikaacha mkwaruzo kwenye papi ya juu, katikati kabisa, kipofu anauona.

Alirudi na shavu limevimba. Akapanda ngazi, akaingia, akatazama. Akapitisha kidole kwenye mkwaruzo. Nilisimama pale kama mtoto anayengoja kofi.

"Hii ya juu umekaza mno," akasema. "Legeza nusu duara. Mbao ipumue."

Basi. Nimelegeza nusu duara. Kuhusu kesho sikumwuliza, niliogopa jibu.

Jumamosi, 27 Aprili

Naandika ndani ya Terne, miguu majini.

Ndiyo, majini! Mashua ya mbao ikikaa nchi kavu hukauka, mbao zikaachana. Watoto wa hapa wanalijua hilo kabla ya kujua kusoma. Wiki ya mwisho unaitandika ndani magunia, unayalowesha asubuhi na jioni, mbao zinavimba, zinashikana. Miaka yote tumefanya. Mwaka huu, na jua lile, na upepo ule, sisi tulikuwa tunabishana juu ya pazia. Hakuna aliyekumbuka, hata mimi ninayejifanya nakumbuka kila kitu. Preben alipotushusha, maji yaliingia kama kwenye kikapu.

Akaita kutoka juu, niipandishe? Nikamwambia usithubutu. Ikipanda inarudi uwanjani, na kreni ni ya kukodi, jioni inaondoka. Basi tunaning'inia kwenye mikanda ya kreni, nusu tunaelea nusu tumebebwa, tukingoja mbao zivimbe. Napiga pampu, napumzika, naandika, napiga pampu. Mgongo umekwisha.

Asger yuko gatini. Hajapanda. Gati liko juu, kwa hiyo kwenye dirisha la kushoto naona viatu vyake tu, vile vya mpira vya kijani. Preben anamwambia, "Bwana, mkeo ana mikono miwili tu. Nawapa mpaka saa sita, wenzenu wako foleni."

Viatu havikusogea.

Kisha nikamsikia. "Ipandishe tu, Preben. Mwakani."

Niliacha pampu nikapiga kioo kwa ngumi, papi mpya zikatikisika. Viatu vikageuka. Akapiga magoti, akainama, mpaka uso wake ukafika dirishani, na lile shavu lake lililovimba. Nikampungia mkono. Maneno angesikiaje, na kioo katikati na pampu za majirani? Nikapunga tu, nikaendelea kupunga. Akanitazama. Kisha akasimama.

Nimerudi kwenye pampu. Maji yako usawa ule ule, hayapungui, lakini hayapandi tena. Au ni macho yangu yanayotaka hivyo.

Preben anauliza kitu. Sijasikia jibu.

Viatu vimekuja ukingoni kabisa. Sasa naona kimoja. Mashua imeinama upande wa gati, imeinama vizuri, kwa uzito wa mtu.

Hiki ninachokiona bado kiko juu ya jiwe la gati.